Adhana, udhu na adhuhuri: Sauti moja, herufi tatu

SIFA zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu, akamfundisha yale aliyokuwa hayajui. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila anayeufuata mwenendo wao mpaka siku ya malipo.

Ndugu Waislamu, leo tumekusudia kulitazama jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa ni dogo, la watoto wa madrasa, nalo ni namna herufi moja ya Kiarabu inavyotamkwa na kuandikwa. Herufi hiyo ni dhwadi. Tumelichagua jambo hili kwa kuwa katika miji na vijiji vya Ufipa, kuanzia Sumbawanga mjini hadi Matai, Laela, Namanyere na Kirando, herufi hii inagusa usahihi wa Swala, heshima ya wazee wetu, umoja wa misikiti na mustakabali wa watoto wetu.

Tuanze na mfano ambao kila nyumba inaujua. Muislamu husikia adhana, huchukua udhu, kisha huswali adhuhuri. Katika Kiswahili maneno hayo matatu yana sauti moja, dh, na yameandikwa kwa namna moja. Katika Kiarabu yalikotoka, hizo ni herufi tatu mbalimbali. Adhana ina dhali, udhu una dhwadi, na adhuhuri ina dhwaa. Ndivyo ilivyo pia kwa dhahabu, fedha na nadhifu. Dhahabu ni ya dhali, fedha ni ya dhwadi, na nadhifu ni ya dhwaa. Mswahili akiyachanganya maneno hayo anapozungumza na jirani yake sokoni hana kosa lolote, kwani lugha yake imekwisha kuyafanya kuwa yake. Lakini anaposimama mbele ya Mola wake na kusoma Suratul Fatiha, hasomi tena Kiswahili. Neno la mwisho la sura hiyo, analolisoma katika kila rakaa, linaanza kwa dhwadi iliyotiwa mkazo.

Tofauti ya herufi ni tofauti ya maana

Wapo wanaosema kuwa Mwenyezi Mungu anajua nia, basi herufi hazina uzito. Ni kweli kuwa Allah (S.W.) anazijua nia. Hata hivyo, Yeye ndiye aliyeiteremsha Qur'an kwa lugha ya Kiarabu kilicho wazi, na ndiye aliyeamrisha katika Suratul Muzzammil kuwa isomwe kwa utaratibu na utulivu. Kila herufi ina haki yake ndani ya maneno yake.

Tazama Suratul Qiyama, aya ya 22 na ya 23. Katika aya hizo mbili zinazofuatana yamo maneno mawili yanayokaribiana mno kwa sauti. La kwanza lina dhwadi, na linaeleza nyuso zitakazong'ara Siku ya Kiyama. La pili lina dhwaa, na linaeleza kuwa nyuso hizo zitakuwa zikimtazama Mola wake. Anayeyasoma yote mawili kwa dh moja ya Kiswahili amezifanya bishara mbili kuwa moja. Aidha, kitenzi chenye maana ya kupotea huandikwa kwa dhwadi, chenye maana ya kuendelea kuwa katika hali fulani huandikwa kwa dhwaa, na chenye maana ya kudhalilika huandikwa kwa dhali. Masikio yetu ya Kiswahili huyapokea yote matatu kama neno moja.

Kwa nini Ufipa?

Mtu anaweza kuuliza ni kwa nini tunaitaja Ufipa, ilhali tatizo hili lipo hata Tanga na Kigoma. Jibu ni kwamba katika uwanda huu wa juu, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, sababu kadhaa zimekutana mahali pamoja.

Sababu ya kwanza ni lugha. Lugha nyingi za Kibantu za bara, Kifipa kikiwamo, hazina sauti ya dh. Mtoto wa Kifipa huipata sauti hiyo kupitia Kiswahili, naye hupewa moja tu. Anapofika madrasa huambiwa kuwa zipo tatu, na mbili kati ya hizo hakuzisikia nyumbani wala mtaani.

Sababu ya pili ni historia. Katika karne ya 19, wafanyabiashara Waislamu wa misafara ya Tabora na Ujiji walipita Ufipa na katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, na kwa njia hiyo Uislamu ukajulikana huku. Lakini shule zilizoenea uwandani zilikuwa za wamisionari. Mapadri wa White Fathers walikuwa wamekwisha kufika Karema, katika mwambao wa ziwa hilo, mwaka 1885, na kazi yao ikaenea Ufipa yote. Kusoma na kuandika kukaja pamoja na herufi za Kirumi. Pwani, mtoto alikuwa akikuta barua za babu yake zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kwa familia nyingi za Ufipa, herufi za Kiarabu zimebaki kuwa kitu cha msikitini tu, hazikupata kuwa kitu cha nyumbani.

Kisha, mwaka 1930, ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki na tahajia moja ya Kiswahili kusimamishwa, dhali, dhwadi na dhwaa zote zilivikwa vazi moja la dh. Kwa Kiswahili hilo lilifaa. Lakini tangu hapo, kila anayejifunza Fatiha au Juzuu Amma kwa kitabu kilichoandikwa kwa herufi za Kirumi hujifunza kusoma akiwa tayari amepoteza herufi mbili.

Sababu ya tatu ni uchache na umbali. Mkoa wa Rukwa, kwa sensa ya mwaka 2022, una watu zaidi ya milioni moja na nusu. Waislamu ni wachache miongoni mwao, na idadi yao kamili haijulikani kwa kuwa sensa za nchi yetu hazijauliza dini tangu ile ya mwaka 1967. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam, kwa njia ya Tunduma na Mbeya, ni zaidi ya kilomita elfu moja. Walimu waliobobea katika elimu ya tajwidi huvutwa na miji mikubwa yenye misikiti mikubwa na malipo ya uhakika. Kijiji chenye nyumba kumi za Waislamu humtegemea kijana aliyehitimu juzuu chache, naye huwapa watoto kile alichopewa.

Mgogoro wa safu

Hapa ndipo jambo hili linapotoka ubaoni na kuingia msikitini. Katika miaka ya karibuni vijana wengi wamekwenda kusoma katika vyuo vya Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na hata nje ya nchi, wakarejea na matamshi mazuri. Hiyo ni neema. Lakini baadhi yao wakirejea huwakuta wazee waliosalisha kwa miaka thelathini wakiitamka dhwadi kwa dh ya Kiswahili, nao hutangaza kuwa Swala ya mzee ni batili na hukataa kumfuata. Mzee hufedheheka mbele ya wajukuu zake. Msikiti wenye safu mbili hugawanyika, na majirani zetu wa dini nyingine hututazama.

Wanavyuoni wamesema nini? Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, naye ni nguzo ya madhehebu ya Shafi'i yanayofuatwa na wengi katika Afrika Mashariki, ameeleza katika Minhaj kuwa kauli sahihi zaidi ni kuwa anayeibadilisha dhwadi kwa dhwaa katika Fatiha, kisomo chake hakisihi. Wafafanuzi wa madhehebu wamebainisha kuwa hukumu hiyo inamhusu mwenye uwezo wa kujifunza akapuuza. Asiyeweza, ama kwa ulimi wake au kwa kukosa mwalimu, ana udhuru, na Swala yake inasihi kwake na kwa walio mfano wake. Naye Ibn Kathir, mfasiri mkubwa aliyefariki mwaka 1373, aliandika katika tafsiri ya Suratul Fatiha kuwa lililo sahihi ni kusamehewa upungufu wa kutenganisha herufi hizi mbili, kwa kuwa mahali pa kutokea kwake panakaribiana.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tunazo kauli mbili za wanavyuoni wakubwa, na kila moja ina mafunzo yake. Ya kwanza inatuzuia kupuuza. Ya pili inatuzuia kuhukumiana. Kijana anayeichukua ya kwanza ili amvunjie heshima mzee hakuielewa. Mzee anayeichukua ya pili ili akatae kufundishwa naye hakuielewa.

Yako pia mafundisho ya Mtume (S.A.W.), yaliyopokewa na Muslim, kuwa anayewaongoza watu katika Swala ni yule aliye msomi zaidi wa Kitabu cha Allah miongoni mwao. Njia ya hekima iko wazi. Kijana mwenye kisomo bora apewe mihrabu kwa makubaliano na adabu. Mzee abaki kuwa mzee wa msikiti, mshauri na msuluhishi. Kijana huyo huyo akae baada ya Swala ya Alfajiri na wazee kwa dakika kumi, wasome Fatiha pamoja bila ya kuchekana. Msikiti uliofanya hivyo kwa mwezi mmoja utakuwa umepata zaidi ya uliogombana kwa mwaka mzima.

Ulimi ukae wapi?

Tuje sasa kwenye kazi yenyewe, ili baba na mama wanaosoma ukurasa huu waweze kuanza leo nyumbani.

Dhali ni nyepesi. Ncha ya ulimi hutokeza kidogo baina ya meno ya mbele, na sauti hutoka kama katika neno adhana. Hii Mswahili anayo tayari. Dhwaa hutoka mahali hapo hapo, lakini sehemu ya nyuma ya ulimi hunyanyuliwa kuelekea juu ya kinywa, na sauti ikawa nzito na pana. Dhwadi ina mahali pengine kabisa. Ncha ya ulimi haitoki nje ya meno. Ukingo wa ulimi, wa kushoto au wa kulia au zote mbili, hubanwa kwenye magego ya juu, sehemu ya nyuma ya ulimi ikiwa imenyanyuliwa. Sibawayh, bingwa wa sarufi wa Basra katika karne ya 8, aliueleza ukingo huo wa ulimi na magego yanayoufuata kuwa ndipo mahali pa dhwadi. Wataalamu wa tajwidi wanasema kuwa upande wa kushoto ni mwepesi zaidi kwa watu wengi.

Kipimo chake ni rahisi, nacho ni kioo kidogo cha ukutani. Mtoto atamke huku akijitazama. Ikiwa ncha ya ulimi inaonekana baina ya meno, hiyo si dhwadi. Wala sauti isikatwe kama d nzito, bali itandazwe kidogo kando ya ulimi kabla ya kuingia herufi inayofuata.

Asivunjike moyo anayeshindwa siku ya kwanza. Waarabu wenyewe leo, katika mazungumzo ya kila siku, hutofautiana. Wengi wa nchi za Ghuba na Iraq huitamka dhwadi sawa na dhwaa, na watu wa Cairo huitamka kama d nzito. Kama aliyezaliwa katika lugha iliyopewa jina la lugha ya dhwadi huhitaji mwalimu, basi mtoto wa Matai hana sababu ya kuona aibu. Na Mtume (S.A.W.) ametubashiria, katika hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kuwa anayeisoma Qur'an kwa taabu na ulimi wake ukikwama ana ujira mara mbili.

Mkono uufundishe ulimi

Wapo walimu wanaofundisha kutamka kwanza na kuacha kuandika mpaka baadaye, au wasifundishe kuandika kabisa. Kwa maoni yetu, kwa mtoto wa bara mambo haya mawili yaende pamoja. Kalamu hutenganisha kile ambacho sikio limekichanganya. Mtoto akiandika herufi tatu zenye maumbo matatu, akili yake inakubali kuwa ni vitu vitatu, kisha ulimi unatafuta njia.

Dhali ni kipinde kidogo chenye nukta moja juu, haishikani na herufi inayoifuata. Dhwaa ina kichwa cha mviringo uliolala, mti uliosimama juu yake, na nukta kando ya mti. Dhwadi ina kichwa kama hicho, lakini haina mti. Baada ya kichwa huja jino dogo, kisha bakuli linaloshuka chini ya mstari, na nukta huwekwa juu ya kichwa mwisho. Ikiwa mwanzoni au katikati ya neno, bakuli huondoka, hubaki kichwa, jino na nukta. Bila ya nukta hiyo inakuwa swadi, herufi nyingine na maana nyingine. Mtoto aandike udhu, fedha, ardhi, faradhi na Ramadhani kwa asili yake ya Kiarabu, maneno anayoyajua tangu utotoni, naye ataona kuwa dhwadi ilikuwa nyumbani kwao siku zote.

Simu ni msaidizi

Siku hizi simu imefika hata mahali ambapo mwalimu hajafika. Mzazi anaweza kumsikilizisha mwanawe kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, ambaye kisomo chake kamili cha Qur'an kilichorekodiwa mwaka 1961 kimekuwa rejea ya wanafunzi duniani. Tunanasihi achaguliwe msomaji mmoja aliyetulia, mtoto asirushwe kutoka kwa huyu hadi yule. Lakini simu hutoa sauti, haimwoni mtoto ulimi wake umekaa wapi, wala haimrekebishi. Qur'an imepokewa kinywa kwa kinywa tangu zama za Mtume (S.A.W.) hadi leo, na njia hiyo haina badala.

Hivyo turudi kwa mwalimu. Kila Ramadhani tunafurahia mashindano makubwa ya Qur'an jijini Dar es Salaam, yakiwamo yanayojaza Uwanja wa Benjamin Mkapa, na zawadi nono hutolewa. Ni jambo la kheri. Lakini anayeshinda huko alianza kwa mwalimu fulani aliyemkalisha mkekani na kumsahihisha dhwadi mara mia, na mwalimu huyo mara nyingi hana mshahara. Tupige hesabu. Familia arobaini zikitoa shilingi 2,000 kila moja kwa mwezi, ni shilingi 80,000. Zikiongeza debe moja la mahindi kila moja wakati wa mavuno, ni madebe arobaini kwa mwaka. Kwa mkulima wa Ufipa, ambaye ardhi yake Allah ameijaalia mahindi, maharage na ulezi, hilo haliko nje ya uwezo. Haba na haba hujaza kibaba.

Kuna fursa nyingine pia. Mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 na kuanza kutekelezwa mwaka 2024 umeiweka lugha ya Kiarabu miongoni mwa lugha za kigeni ambazo shule inaweza kuzichagua. Vilevile, kipindi cha dini katika shule za Serikali ni haki ya mwanafunzi Muislamu kama ilivyo kwa mwenzake Mkristo. Lakini fursa hizi zinataka watu. Shule haiwezi kufundisha Kiarabu pasipo mwalimu wa Kiarabu, na kipindi cha dini hubaki kitupu jamii isipopeleka mwalimu. Ni juu ya viongozi wetu wa BAKWATA na wa taasisi nyingine katika wilaya kuhesabu ni shule ngapi zina mwalimu na ngapi hazina, na kulifikisha suala hilo kwa waumini.

Mwisho, tusiwasahau akina mama. Katika mkoa wenye ndoa na ujirani wa dini mbalimbali, wapo dada zetu walioingia katika Uislamu wakiwa watu wazima. Huyu hujifunza Fatiha pamoja na mwanawe wa miaka sita, na mara nyingi huona haya kuuliza. Kila madrasa yenye darasa la watoto iweke saa moja kwa wiki ya akina mama, na itafutwe mwalimu mwanamke kila inapowezekana. Mama aliyeipata dhwadi ataifikisha kwa watoto wake wote, hata kijiji kisipokuwa na mwalimu.

Tuanze na herufi hii moja, wiki hii, kwa kioo, ubao na subira. Asiyejua afundishwe, anayejua afundishe kwa upole, na wala asidharauliwe mzee aliyeushikilia msikiti wakati sisi hatujazaliwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) azilainishe ndimi zetu kwa maneno yake, azikubali Swala zetu pamoja na mapungufu yake, na awajaalie watoto wetu kuwa miongoni mwa watu wa Qur'an. Amin.

Wabillahi tawfiq.